Mawakala wa mizigo huchaguaje kampuni ya meli? Nimepewa bei tatu, nashindwa kuamua

Mkoboaji_Kahama

Wakuu habari za leo. Naomba wanaojua mambo ya meli wanisaidie.

Nina kinu cha kukoboa mpunga hapa Kahama. Nimeagiza mashine ya kuchagua mchele kwa rangi, pamoja na ya kung'arishia na elevata zake mbili. Kiwanda kipo Hefei, jimbo la Anhui, China. Mzigo wote unaingia kwenye kontena moja la futi 40. Nimeshatanguliza asilimia 30, na wanasema utakuwa tayari wiki kama tatu kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Bei ya kiwanda ni FOB Shanghai, yaani inaishia mzigo ukipakiwa melini huko, kwa hiyo meli naitafuta mwenyewe. Nimeomba bei kwa mawakala watatu wa Dar. Wa kwanza amenipa kampuni kubwa ya Ulaya, ndiye ghali kuliko wote, anasema meli inakuja moja kwa moja. Wa pili amenipa kampuni ya Asia, dola 350 chini ya huyo wa kwanza, ila kontena litabadilishiwa meli Port Klang, Malaysia. Wa tatu yuko chini ya wote wawili, lakini kila nikimuuliza ni meli gani ananijibu meli zote ni zilezile, wewe subiri mzigo wako.

Sasa swali langu: hawa mawakala wanaangalia nini hasa wanapochagua kampuni ya meli? Ni bei tu? Ni kamisheni wanayopewa? Au kuna mambo sisi wateja hatuambiwi? Mpunga mpya huku unaanza kuingia mwezi wa tano, na marejesho ya benki yanaanza kabla ya hapo. Siwezi kukaa msimu mzima mashine iko njiani.

Mali_Kwa_CBM

Mkuu chukua bei ya chini. Mimi naleta viatu kutoka Guangzhou, nalipia kwa CBM (mita za ujazo, kontena tunachangia wengi), jina la meli sijawahi kuuliza. Mzigo unafika tu.

BiShehena

Mali_Kwa_CBM, kwa viatu vya CBM uko sawa, kwa sababu aliyekusanya mizigo yenu ndiye mwenye kontena na ndiye anayebanwa na kampuni ya meli likichelewa. Huyu mwenzetu kontena ni lake zima. Kila siku ya kuchelewa inaandikwa kwa jina lake.

Mkoboaji mdogo wangu, mimi ni wakala wa forodha na usafirishaji hapa Dar. Nilianza nikipeleka makaratasi kwa miguu Sokoine Drive, kutoka ofisi ya wakala wa meli hadi forodha na kurudi, na sasa nina vijana wangu ninaowafundisha. Nakuandikia kama ninavyowaambia wao siku ya kwanza, maana hili neno la "meli zote ni zilezile" linaniuma. Anayelisema halipi chochote mambo yakiharibika. Unalipa wewe.

Wakala akikataa kukutajia meli, usimpe mzigo. Unataka kujua kampuni ya meli, jina la meli na namba ya safari. Hizi kampuni huuziana nafasi. Meli moja inayong'oa nanga Shanghai inaweza kuwa imebeba makontena ya kampuni tatu au nne, na kila kampuni imemuuzia mteja wake kwa bei yake. Nimeshakaa na wateja wawili ofisini wakibishana nani kapata meli ya haraka, kumbe wote wamepanda chuma kilekile, kinaingia gati moja siku moja. Hapo tofauti ya bei utaitafuta kwenye makaratasi na huku nchi kavu.

Ndiyo maana mimi hesabu yangu huianzia mwisho: siku kontena tupu linapopokelewa dipo, yaani uwanja wa kurudishia makontena matupu. Kutoka hapo narudi nyuma hadi Shanghai. Nauli ya bahari naifikia njiani, na mara nyingi siyo iliyoamua.

Fuatana nami. Meli imefika, kontena limeshushwa. Kuna siku za bure za bandari, na kuna siku za bure za kampuni ya meli. Ni vitu viwili, vina ankara mbili, na wateja wengi huvichanganya. Za bandari zikiisha unalipa storeji. Za kampuni ya meli zikiisha unalipa demareji, kisha kontena likiwa limeshatoka getini wanaendelea kukutoza kwa kukaa na chombo chao mpaka ukirudishe. Kampuni moja hutoa siku 7, nyingine 14, na ukiomba kabla ya kubuku (kuweka nafasi melini) unaweza kupata 21. Ukiomba meli ikiwa imeshafika, utajibiwa kwa upole na hutapewa.

Sasa tazama safari yako. Kugomboa, tuseme makaratasi yako safi. Lori kutoka Dar hadi Kahama ni karibu kilomita elfu moja, na mizani ni ya kupita kuanzia Vigwaza. Ukifika, mashine haishushwi na vijana wa mabegani, inataka folklifti au krini, na Kahama krini huwa na miadi yake. Halafu kontena tupu lirudi Dar, lipokelewe. Ukipewa siku 10 badala ya 21, na tuseme tozo ni dola 40 kwa siku, siku tisa tu za kuchelewa zimekula dola 360. Zile 350 ulizookoa kwa wakala wa pili zimekwisha, na tozo hizi hupanda kwa ngazi kadiri siku zinavyokwenda.

Na dipo lenyewe liko wapi? Hili halimo kwenye karatasi yoyote ya bei, na mimi ndilo huuliza kabla ya nauli. Kuna kampuni zenye madipo mawili au matatu mjini, moja likijaa unaelekezwa jingine saa ileile. Kuna nyingine zina moja tu, likijaa dereva anarudishwa getini na saa inaendelea kuhesabu. Kuna madipo ambayo kontena likirudi na mkwaruzo uliokuja nao kutoka China, unatozwa wewe. Kijana wangu akipokea kontena bandarini anapiga picha pembe zote nne, milango, paa akiweza, na sakafu kabla ya lori kuondoka. Bila picha hizo huna neno la kusema.

Sasa bahari. Kubadilisha meli siyo dhambi, mizigo mingi ya Dar inapita Singapore, Port Klang, Colombo, Salalah au Jebel Ali na inafika salama. Lakini kila bandari ya kati ni mahali kontena linaweza kuachwa. Meli ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na wewe unasubiri inayofuata, ambayo huenda nayo imejaa. Utasema mzigo wangu unatoka China, vita vya Bahari ya Shamu vinanihusu nini? Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za Asia na Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kila safari ilirefuka, zikahitajika meli nyingi zaidi kufanya kazi ileile, na ratiba zikavurugika. Katikati ya 2024 Singapore na Port Klang zilijaa, makontena ya kwetu yakakaa yakingoja meli ya kuunganisha. Kwa hiyo mtu akinipa bei yenye kubadilisha meli, namuuliza jina la meli ya pili, si ya kwanza. Asipokuwa nalo, muda aliokuambia ni wa kukisia.

Ratiba iliyochapishwa mimi siiamini peke yake. Asubuhi nikiwa na chai yangu nafungua ramani ya meli kwenye simu, natazama nje ya Dar. Meli za mizigo zinaonekana kijani. Inayotembea ina umbo la mshale, iliyosimama ni kidoti. Vidoti vikiwa vingi huko nje, nahesabu ni vya nani. Halafu nachukua huduma ninayoifikiria, naangalia meli zake zilizotangulia: ziliahidi kufika lini, zilifunga gati lini. Kampuni ambayo meli zake tatu mfululizo zimechelewa, ya nne sitaiwekea mzigo wenye haraka hata iwe na jina kubwa kiasi gani.

Na uliza meli inafunga gati lipi. Tangu 2024 gati 4 hadi 7 za Dar zinaendeshwa na DP World, na kituo cha pili cha kontena, gati 8 hadi 11, kiko chini ya kampuni ya Adani. Foleni za meli na za malori hazilingani kila wiki. Mliokuwepo mwishoni mwa 2023 mnakumbuka meli zilivyokaa nangani, na baadhi ya kampuni zikaongeza tozo ya msongamano juu ya nauli iliyokwisha kukubaliwa. Kwa hiyo bei unayopewa iandikwe: imejumlisha tozo zipi, na itadumu hadi tarehe gani.

Umeuliza kamisheni. Nitakujibu wazi. Wakala mwenye mizigo mingi huwa na mkataba na kampuni moja mbili za meli: anaahidi idadi ya makontena kwa mwaka, naye anapewa bei na nafasi. Mzigo wako utaelekezwa huko kwanza. Si wizi, na kwako inaweza kuwa faida, hasa kwa tarehe zako. Wiki za kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina kila kiwanda kinataka kutoa mali kabla hakijafungwa, meli zinajaa, na wanaoachwa kwanza ni waliobuku kwa bei ya chini kabisa bila mkataba. Sikukuu ikipita, mizigo inapungua na kampuni za meli hufuta baadhi ya safari. Ukiachwa kabla ya sikukuu, unaweza kukaa hadi mwezi mzima unaofuata. Kwa hiyo muulize kila wakala: kampuni hii una mkataba nayo, au unanunua nafasi ya siku? Anayejiamini hatakasirika.

Mengine nayapitia haraka. Agiza kontena la futi 40 lile refu, maana mlango wake una takriban mita 2.58 na wa la kawaida ni 2.28. Mashine za kuchagua mchele ni ndefu, pima pamoja na kreti. Kiwanda kiwe makini na uzito uliohakikiwa, tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lisilo na uzito huo halipandi melini. Afya ya kampuni nayo tunaiangalia: mwishoni mwa Agosti 2016 Hanjin ya Korea Kusini ilipoingia mahakamani kwa kufilisika, bandari kadhaa zilizikataa meli zake kwa kuhofia kutolipwa, na mali za watu zikaelea.

Hali ya makontena yenyewe pia ni kigezo, na wachache wanaizungumza. Kuna kampuni zinaleta huku kila kontena chakavu. Mwambie mtu wa kiwanda, kabla ya kupakia, aingie ndani, afungiwe milango yote, atazame. Mwanga ukipenya hata kama ncha ya sindano, maji ya bahari yatapita. Mashine yako ina kamera na bodi za umeme.

Rudi kwa hao watatu, waulize jina la meli, siku za bure, dipo, tozo za huku Dar kwa maandishi, na nani ameandikwa kwenye BL, ile hati ya shehena. Ukipata majibu weka hapa.

Kilindini_Baridi

Salamu kutoka Mombasa. Bi Shehena amesema ya kuingiza, mimi niongeze ya kutoa nje, kwani ndiyo kazi yangu: parachichi za kutoka Murang'a na kwingineko kwenda Rotterdam kwa kontena za baridi.

Kwetu sisi kigezo cha kwanza ni siku za baharini, kwa sababu tunda linahesabu siku zake lenyewe. Njia ya Suez ilipokuwa shwari, tunda lilifika Ulaya kwa takriban mwezi mmoja likiwa bado gumu. Meli zilipoanza kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ikarefuka kwa majuma, na hapo ndipo tofauti ya kampuni na kampuni ilipoonekana. Wapo waliobaki na bandari moja ya kati. Wapo waliokuwa na mbili, na kila moja ni mahali kontena linaweza kukaa uwanjani likingoja plagi ya umeme.

Kwa hiyo mimi nauliza: melini kuna plagi ngapi za kontena za baridi, na zangu zimehifadhiwa? Kontena limepimwa mashine yake lini kabla ya kuniletea? Kampuni ina kontena za kudhibiti hewa, zile zinazopunguza oksijeni ili tunda lisiive njiani? Kuna kampuni ina bei nzuri lakini za aina hiyo inazo chache, na msimu ukikolea hazipatikani. Joto tunaweka nyuzi 5 au 6 hivi, na ndani tunaacha kirekodi cha joto chetu wenyewe, mbali na kile cha kontena. Mzigo ukifika umeharibika, karatasi ya kirekodi ndiyo itakayosema ni mashine ilizimika au ni sisi tulivuna tunda limekomaa kupita kiasi.

Jambo la mwisho, ofisi ya kampuni hapa Mombasa. Usiku wa Jumamosi kontena likionyesha joto linapanda, nani anapokea simu? Nimewahi kuiacha kampuni yenye nauli nafuu kwa sababu hiyo peke yake, na nikaeleza wakulima wangu kwa nini wanakatwa zaidi kidogo. Walielewa.

PapaLushi

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, naleta vipuri vya magari makubwa ya mgodini kupitia Dar.

Mama BiShehena amesema tuanzie kwenye kontena tupu, na kwetu Congo hiyo ndiyo shida yote. Kutoka Dar mpaka hapa ni karibu kilomita elfu mbili: Tunduma, Nakonde, unavuka Zambia, halafu Kasumbalesa. Kwenye mipaka lori linaweza kupanga mstari siku nyingi, na kontena tupu nalo lipange tena likirudi. Kampuni za meli zinajua hivyo, kwa hiyo nyingine zinataka amana kubwa ya pesa kabla kontena halijatoka Dar, na kuirudisha hiyo amana ni kazi nyingine ya miezi. Nyingine zinakubali dhamana ya wakala. Kwa sisi watu wa transiti, hapo ndipo tunapochagua. Pesa iliyolala kwa wakala wa meli hainunui vipuri.

Vipuri ambavyo havivunjiki, mara nyingi tunavifungua Dar ghalani, tunapakia kwenye lori bila kontena, na kontena linarudi dipo juma lilelile. Lakini mashine yenye kamera kama ya ndugu wa Kahama, miye singeifungua njiani.

Kitu kingine tunachoangalia ni bandari. Sisi tunaweza kupita Dar, Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa watu wanazungumza sana Lobito. Kampuni moja ya meli inaweza kuwa na nguvu Durban na dhaifu Dar. Wakala mzuri anakupa bei ya mpaka mlangoni kwa njia mbili, unalinganisha. Na hakikisha kwenye BL imeandikwa kwamba mzigo ni wa transiti kwenda RDC. Ikiandikwa vibaya, kusahihisha manifesti ni pesa na ni siku, na hakuna anayekuhurumia.

Mkoboaji_Kahama

Asanteni sana, Bi Shehena Mungu akubariki. Nimewarudia wote watatu.

Wa kwanza amenipa jina la meli na namba ya safari ndani ya saa moja. Siku za bure 14, ameomba ziwe 21, anasubiri jibu kutoka kwa kampuni. Ana mkataba nayo. BL itakuwa ya kampuni ya meli yenyewe.

Wa pili meli ya kwanza anaijua, ya kutoka Port Klang anasema itajulikana baadaye. Siku za bure 14.

Wa tatu nilimbana sana, hatimaye akataja. Ni meli ileile ya wa kwanza! Namba ya safari ileile. Ila BL atakayonipa ni ya kampuni moja ya Shenzhen ambayo sijawahi kuisikia, siku za bure 7, na tozo za Dar anasema "tutazungumza mzigo ukifika". Tofauti yake na wa kwanza ni dola 480. Meli ni moja, kwa nini nisimchukue?

BiShehena

Umefanya kazi nzuri mdogo wangu, wengi hawafiki hapo.

Sikiliza kuhusu hiyo BL ya Shenzhen. Kwenye mpango huo kuna BL mbili. Kampuni ya meli inaitoa ya kwanza kwa kampuni ya Shenzhen, na hiyo ndiyo inayolitambua kontena. Kampuni ya Shenzhen inakuandikia wewe ya kwake. Ikiwa ni watu wa kweli, wenye wakala anayejulikana hapa Dar, mpango huu ni wa kawaida na mimi mwenyewe nautumia kwa mizigo ya kuchanganya. Lakini wao wasipoilipa kampuni ya meli, DO (hati ya kukuruhusu kuchukua mzigo) haitoki, hata kama wewe ulishawalipa wao kila kitu. Utakuwa na karatasi mkononi na kontena lako unaliona kwenye mfumo, na huna la kufanya isipokuwa kulipa mara ya pili huku storeji ikikimbia. Ndiyo maana wanakuachia "tutazungumza mzigo ukifika". Wakati huo huna tena pa kwenda. Dola 480 ameziondoa kwenye nauli unayoiona, na anayo nafasi ya kuzirudisha kwenye tozo usiyoiona. Mwache.

Wa pili ningemfikiria kama kusingekuwa na sikukuu katikati. Kwa sasa, meli ya pili isiyo na jina, wiki hizo za mwaka, hapana.

Chukua wa kwanza, kwa masharti. Zile siku 21 ziandikwe kwenye uthibitisho wa kubuku kabla hujalipa, siyo kwenye WhatsApp. Ziandikwe ni za demareji na za kukaa na kontena nje kwa pamoja, au kila moja peke yake, maana kampuni nyingine hukupa 21 kwa moja na 7 kwa nyingine. Aandike tozo zote za wakala wa meli hapa Dar, moja moja, na dipo la kurudishia. Wakala wa meli akija baadaye na tozo ambayo haikuwa kwenye orodha, una karatasi ya kuipinga, na ukishindwana naye TASAC ndiyo inayosimamia hao mawakala, malalamiko yanapelekwa huko.

Muulize kiwanda meli inapakia kituo gani, Waigaoqiao au Yangshan. Yangshan iko kisiwani, lori linavuka daraja la zaidi ya kilomita 30 juu ya bahari, na upepo ukiwa mkali daraja hufungwa. Kontena lisipoingia kabla ya saa ya kufunga mapokezi, meli inaondoka, kontena limebaki getini. Mwambie mwenye kiwanda alipeleke mapema, ghala la siku mbili ni nafuu kuliko sikukuu nzima.

Kata bima ya bahari hapa nyumbani, ya thamani yote ya mzigo na nauli. Machi 2021 Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez kwa siku sita, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, yaani gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wote wenye mali melini, na wenye mizigo, hata ambao mali yao haikuguswa, walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa makontena yao. Mwenye bima, kampuni ya bima ndiyo inayohangaika na karatasi hizo. Asiye nayo anahangaika mwenyewe.

Na BL: ili usiwe na wasiwasi wa posta, kubaliana na kiwanda kwamba ukimaliza asilimia 70 iliyobaki, wairudishe BL halisi kwa kampuni ya meli kule Shanghai ili mzigo uachiliwe huku bila karatasi kusafiri. Usimalizie malipo kabla hujaona nakala ya BL yenye jina la meli ileile uliyoambiwa, namba ya kontena, na jina la kampuni yako kama lilivyo kwenye TIN, herufi kwa herufi. Kiwanda kikikutumia rasimu ya BL, ifiche majina na namba uiweke hapa au unitumie faraghani kabla hujasema ndiyo. Watakupa saa chache tu za kusahihisha, kwa hiyo simu usiizime siku hiyo.

Mkoboaji_Kahama

Nimemwandikia wa kwanza sasa hivi na masharti yote. Amejibu 21 zimekubaliwa, kwa pamoja, na uthibitisho anautuma kesho asubuhi. Krini ya hapa Kahama nimeshaulizia, wanataka taarifa wiki moja kabla. Rasimu ikija nitakutafuta dada.